Mazungumzo ya Nyumbani: Uso Uliochongwa Kinyume



Wapendwa wasomaji, mwezi uliopita tulikwenda kufundisha katika kigango kimoja cha mbali, na baada ya sala ya jioni mama mmoja alitujia, naye amempakata mtoto mwenye homa. Shingoni mwa mtoto mlikuwa na uzi mweusi, na katika uzi huo vimefungwa vitu viwili pamoja: kihirizi cha ngozi, na medali ya Bikira Maria. Habari ya hirizi yule mama hakuigusa. Alituonyesha medali tu, jinsi ilivyolika hata uso hauonekani tena, akasema: “Mwalimu, hii nguvu zake zimekwisha. Naomba nyingine mpya, mtoto apate kupona.”

Tulimpa kwanza jibu lililohitajiwa na mtoto, yaani alfajiri ampeleke zahanati wala asingoje hata jua kupanda. Habari ya medali tutaizungumza atakaporudi. Lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Mtu asemaye kwamba nguvu za medali zimekwisha, ndiye asadikiye kwamba zilikuwamo ndani yake. Nasi tunagawa medali kila mwaka, siku ya ubatizo na siku ya kipaimara, lakini ni lini tulipowaambia watu kitu hicho ni nini, na kimetoka mikononi mwa nani? Basi mwezi huu tumeona vema kusimulia habari za mafundi wa medali, hasa wale wa karne ya 18, ambao kazi yao ilifika daraja ya juu sana.

Medali ile ya yule mama ni ya umbo la yai, na wengi wenu mnayo. Ilipigwa mara ya kwanza mjini Paris, katika nchi ya Ufaransa, baada ya njozi za mtawa Catherine Labouré za mwaka 1830. Ndiyo sababu mwaka huo umeandikwa juu yake. Aliyepewa kazi ya kuitengeneza ni mfua dhahabu Adrien Vachette. Zile za kwanza, 1,500 kwa hesabu, zilitoka tarehe 30 Juni 1832, wakati kipindupindu kilipokuwa kikiwaua watu wa mji ule, na baada ya miaka michache zilikuwa mamilioni. Vachette hakuwa kijana siku hizo. Alizaliwa mwaka 1753, kwa hiyo alikuwa anakaribia miaka 80, na ufundi wake alikuwa ameupata katika karne iliyotangulia. Kumbe ile medali shingoni mwa mtoto wa kijijini kwetu ni mjukuu wa ufundi wa karne ya 18.

Zamani zile hapakuwa na picha za kamera. Mfalme akishinda vita, au akifanya mapatano ya amani, au akifa, habari yake ilitiwa katika medali ya dhahabu, fedha au shaba, wakapewa mabalozi na wakuu wa nchi nyingine. Karatasi huungua, na mchwa huila, medali hukaa. Huko Roma nako Mababa Watakatifu walikuwa na desturi, nayo haijakoma, ya kutoa medali kila mwaka kwa sikukuu ya Mitume Petro na Paulo. Kazi hiyo ilishikwa muda mrefu na jamaa moja, Hamerani, ambao asili yao ni Bavaria katika nchi ya Wajerumani. Baba alimfundisha mwana, mwana akamfundisha mjukuu. Wala hawakuwafundisha wana wa kiume peke yao: Beatrice Hamerani, aliyezaliwa mwaka 1677, alichonga medali pamoja na baba yake na ndugu zake, hata akafa mwaka 1704, angali kijana. Twamtaja makusudi, kwa ajili ya wale wazazi wanaotuuliza binti asomeshwe ufundi kwa faida gani.

Lakini kati ya mafundi wote wa karne ile, mmoja tumempenda zaidi, naye ni Johann Carl Hedlinger. Alizaliwa mwaka 1691 katika jimbo la Schwyz, nchi ya Uswisi, katika nyumba ya Wakatoliki. Hakuanza kwa kufanya medali. Alianza kwa mfua dhahabu aliyekuwa pia akisimamia nyumba ya kupiga fedha. Huko alijifunza kushika tupa na patasi ndogo, na kuijua tabia ya chuma. Kisha alikwenda Nancy, kwa fundi mkuu Ferdinand de Saint-Urbain, halafu Paris. Mwaka 1718 aliitwa Uswidi awe mchongaji medali wa Mfalme Karl wa 12. Mwaka ule ule, mwezi wa Novemba, mfalme huyo akauawa vitani huko Norwe. Fikirini hali ya kijana huyu: yu mgeni, nchi ni ya baridi, dini ya wenyeji si yake, na bwana aliyemwita amekufa. Hata hivyo hakurudi. Aliendelea kuwatumikia waliomfuata mfalme, akadumu katika kazi ile zaidi ya miaka ishirini, ila kwa safari zake. Katika safari moja alifika Italia, akachonga uso wa Baba Mtakatifu Benedikto wa 13, naye akapewa daraja ya heshima. Katika nyingine alikwenda Urusi, akachonga uso wa Malkia Anna. Mwisho alirudi kwao Schwyz, akafa huko mwaka 1771.

Sasa tuitazame kazi yenyewe, maana watu hudhani kwamba medali humiminwa tu katika kalibu kama risasi. Ziko za namna hiyo. Lakini medali nzuri za karne ile zilipigwa, nazo hupigwa kwa mihuri miwili ya pua, yaani chuma kigumu kile kifaacho kwa visu: muhuri mmoja wa uso, na mmoja wa mgongo.

Kwanza fundi hutazama uso wa mtu, au picha yake, akautengeneza kwa nta juu ya kibao cha jiwe. Nta ni laini, hukubali kukosolewa. Jioni ukiona pua ni ndefu, asubuhi huifupisha. Baada ya nta rehema hiyo hupungua. Fundi huchukua kipande cha pua ambacho bado ni laini, kwa sababu kimetiwa motoni kisha kikaachwa kipoe polepole sana katika majivu au makaa. Humo huchimba kwa patasi nyembamba na vijembe vidogo kama sindano. Tena huchimba kinyume: palipo mlima katika medali, hapa ni bonde; ncha ya pua ya mtu, ambayo itatokeza kuliko vyote, hapa ndiyo shimo refu kuliko yote. Mtu atakayetazama kulia, hapa anatazama kushoto. Maneno nayo hukimbia kutoka kulia kwenda kushoto kama maandiko ya Kiarabu, na kila herufi imegeuka. Walimu wenzetu wa darasa la kwanza wanajua jinsi watoto wanavyoandika S kwa kuigeuza, nasi huwasahihisha kila siku. Fundi huyu ilimpasa aigeuze hivyo maisha yake yote, wala asikosee hata mara moja.

Atajuaje basi kama anaendelea vema, naye anaona mashimo tu? Huchukua nta laini, au udongo mzuri, akaukandamiza katika muhuri, kisha akaubandua. Hapo uso hutokea, umesimama sawasawa. Hutazama, huchimba kidogo, hukandamiza tena. Kwa siku moja atafanya hivyo mara nyingi, pengine kwa ajili ya kope moja ya jicho.

Mafundi wengi walikuwa na njia nyingine ya akili. Hawakuchimba uso katika muhuri, bali waliuchonga kwanza juu ya kipande kingine cha pua, umetokeza kama utakavyokuwa katika medali. Kipande hicho walikifanya kigumu, kisha wakakishindilia kwa nguvu nyingi katika pua laini ya muhuri, hata uso ukaingia humo. Herufi walizipiga kwa vijiti vya chuma, kila kijiti na herufi yake nchani. Faida ya njia hii mtaiona mara, kwa maana sasa twafika penye hatari.

Muhuri uliokwisha kuchongwa bado ni laini. Ukipigia fedha kwa muhuri huo, uso utapondeka. Hakuna budi kuutia matiko. Huwekwa katika moto wa makaa, mara nyingi ndani ya kisanduku cha chuma pamoja na unga wa makaa ili hewa isiuharibu uso, ukae humo hata uwe mwekundu kabisa; ndipo hutolewa na kutumbukizwa katika maji. Wahunzi wetu wanaijua kazi hii kwa majembe na visu. Lakini jembe likipasuka, mhunzi amepoteza asubuhi moja. Muhuri ukipasuka, fundi amepoteza kazi ya majuma mengi. Nao hupasuka, kwa sababu nje hupoa kabla ya ndani, na sehemu hizo mbili huvutana. Kama chuma kina kasoro ndogo isiyoonekana, hapo ndipo kinapogawanyika. Pengine mlio husikika ndani ya maji, na fundi hujua kabla hajatazama.

Twadhani kwamba saa ile ndiyo iliyoonyesha fundi ni mtu wa namna gani. Kosa si lake. Patasi yake haikuteleza. Chuma kimemkana tu. Aliyechonga uso moja kwa moja katika muhuri hurudi kwenye nta yake, akaanza tena. Aliyekuwa na kile kipande chenye uso uliotokeza, hukishindilia katika pua nyingine, akaokoa nusu ya kazi. Na hata muhuri uliotoka mzima majini haujawa tayari, maana sasa ni mgumu mno, huvunjika kama kioo. Lazima upashwe moto tena kidogo, mpaka juu yake ionekane rangi ya manjano kama majani makavu, ndipo ugumu wake hulegea kwa kadiri ifaayo.

Ubora wa pua wenyewe ulikuwa mashaka ya kila siku. Hata katika miaka ya 1740 Mwingereza Benjamin Huntsman, karibu na mji wa Sheffield, alipata njia ya kuyeyusha pua katika vyungu vya udongo mgumu, ikatoka iliyo sawa ndani na nje. Huyu alikuwa fundi wa saa, akitafuta chuma kizuri cha kamani za saa zake. Lakini wachongaji wa mihuri nao walifaidika kwa kazi yake.

Baada ya hayo ndipo kupiga. Shinikizo lilikuwa na parafujo nene ya chuma, na juu yake mkono mrefu wa kulia na kushoto, kila ncha ina tufe zito. Watu kadhaa huvuta mkono huo kwa kamba, ukazunguka kwa kishindo, parafujo ikashuka, na muhuri wa juu ukaiangukia ile bamba ya fedha au shaba iliyolala juu ya muhuri wa chini. Kwa sarafu nyembamba, pigo moja hutosha. Kwa medali yenye uso uliotokeza sana, halitoshi. Bamba likipigwa huwa gumu, halikubali tena kuingia mashimoni, basi hutolewa, hutiwa motoni lilainike, husafishwa, hurudishwa mahali pake pale pale, hupigwa tena, na tena, na tena, hata ile ncha ya pua, ambayo ndilo shimo refu, imejaa. Likirudishwa limehama upana wa unywele, uso huwa na kope mbili.

Hedlinger alichonga pia medali ya uso wake mwenyewe, na juu yake akatia neno moja kwa herufi za Kiyunani. Atakayelitafuta neno hilo katika Kiyunani hatalipata, kwa kuwa si la Kiyunani. Ni la Kiswidi, lagom, na maana yake ni kadiri ifaayo, wala kuzidi wala kupungua. Mtu aliyezitazama rangi za pua zikibadilika motoni muda wa miaka ile yote, hatushangai kwamba alilichagua neno hilo.

Ndugu zetu wa pwani pengine watasema kwamba hayo yote ni mambo ya Ulaya. Si kweli kabisa. Wazee wao waliishika kazi ya wachongaji wa karne ya 18 kwa mikono yao kila siku ya soko. Ile reale ya fedha, yenye uso wa mwanamke mnene aliyefunika kichwa kwa shela, ni sarafu ya Malkia Maria Theresia wa Austria. Malkia huyo alikufa mwaka 1780, lakini sarafu yake iliendelea kupigwa kwa mwaka ule ule wa 1780, kwa sababu watu wa Uhabeshi, Arabuni na pwani yetu walikuwa wameizoea, wala hawakutaka nyingine. Katika karne ya 19 ilikuwa fedha ya wafanyabiashara Unguja. Ina uzito wa gramu 28, na kidogo. Kwenye vazi lake kuna kifungo kilichozungukwa na lulu ndogo, na wafanyabiashara wenye mashaka walizihesabu lulu hizo: zikionekana zote, hupokea, zikiwa zimefutika, hukataa.

Hapo ndipo tulipoona, usiku ule, mawazo ya yule mama yametoka wapi. Reale iliyolika hushuka thamani. Hirizi ikichakaa, mganga hudai kuku wa pili kwa kuitengeneza upya. Kwa nini medali isiwe hivyo hivyo?

Mtoto alikaa zahanati siku nne, akapona homa kwa dawa za sindano. Tulipopita tena kigangoni tuliketi na mama yake barazani, tukamsimulia haya mliyoyasoma, kwa ufupi zaidi: nta, pua, moto, maji, na watu wanaovuta kamba. Alisikiliza sana, hasa habari ya muhuri kupasuka, kwa kuwa marehemu baba yake alikuwa mhunzi. Kisha akauliza: “Kumbe ni shaba tu, iliyopigwa na watu?” Tukamjibu: Ndiyo, mama, ni shaba tu. Wababa wa Mtaguso wa Trento, mwaka 1563, walisema wazi kwamba ndani ya sanamu hamna uungu wala nguvu ya kuombwa. Heshima tunayoipa humwendea yule anayeonyeshwa. Fundi hakuweza kutia ndani yake zaidi ya uso na herufi, na hizo nazo alizitia kwa shida.

Alinyamaza kidogo. “Basi nivae ya nini?” Swali hili ni la haki, nasi hatukutaka kulikwepa. Tulimwuliza kwanza medali hii ilikuwa ya nani kabla ya mtoto. Akasema ilikuwa ya mama mkwe wake, aliyeivaa tangu ubatizo wake hata siku alipozikwa, na kwamba bibi yule alikuwa na mazoea ya kuishika kwa kidole gumba akisali rozari gizani, kila usiku, miaka yote. Tukamwambia: Haya, tazama mahali uso ulipolika. Si ukingoni, ni katikati, umbo la kidole gumba.

Aliigeuzageuza muda mrefu, asiseme neno. Mpya tuliyomletea aliipokea kwa mikono miwili, akaifunga katika pindo la kanga, akisema ataitunza kwa ubatizo wa mtoto atakayefuata. Ile ya zamani alimvika mtoto tena, kwa uzi mwingine mweupe. Hirizi hatukuiona, wala hatukuiuliza.